Picha ya Kichwa cha Mume Wangu

Mume wangu alianguka shambani kule Mute. Alipoinuliwa, mkono wa kulia haukuwa na nguvu na hakuweza kutamka neno. Katika hospitali ya mkoa wetu, mjini Pemba, wakampiga picha ya kichwa, ile ya tomografia inayoonesha ubongo. Akaishi hivyo miezi minne. Siku za mwisho nilimwomba radhi, kama mke anavyomwomba mumewe. Akanitazama tu. Sikujua kama hakunielewa, au alinielewa akaninyima.

Nilipomaliza eda, daktari mmoja wa Palma, mwanamke, aliiomba ile picha awafundishie wanafunzi wake. Nilikubali, mradi niipeleke mwenyewe na nirudi nayo. Basi kila Alhamisi asubuhi nilikaa benchi la nyuma darasani kwake. Daktari alibandika plasta juu ya jina, akaishikiza picha kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Nazikumbuka kwa hamu asubuhi zile. Kwingine kote watu walikwisha kuacha kumzungumzia mume wangu.

Siku moja alisimama mwanafunzi mmoja, binti wa kutoka bara.

"Doa liko kulia, dotora."

"Kulia kwako au kwake?" daktari akauliza.

"Kulia kwa… picha."

"Haya, nenda ukalitibu dirisha! Mgonjwa kalala chali, wewe umesimama miguuni pake. Kulia kwako ni kushoto kwake."

Wenzake wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Binti akaanza upya, taratibu. "Doa liko kushoto kwake, mbele. Mkono wa kulia umelegea. Kusema hawezi." Akasogeza kidole. "Huku nyuma, pa kuelewa maneno, ni pazima. Akiambiwa neno, anaelewa."

Nikajikuta nimesimama. "Una hakika, mwanangu?"

Akamgeukia mwalimu wake. Daktari akaitazama picha kitambo. "Kwa ninavyoona hapa, mama, alikuwa anaelewa."

"Basi radhi alininyima?"

Daktari akaja kukaa nami kwenye benchi.

"Hilo picha haioneshi, mama. Inaonesha kwamba hata angetaka kukupa, neno lisingetoka."

Siku ile nilimwachia picha. Nilikuwa nimeitunza sandukuni kama vile radhi yangu imo ndani, na haimo. Alhamisi iliyofuata nilikwenda tena, mikono mitupu, nikakaa palepale. Niliendelea kwenda mpaka kundi lile lilipomaliza mafunzo likaondoka.