Mama Ndani ya Zimwi

Tangu asubuhi Mama Kijino alikuwa ndani ya zimwi. Lilikuwa vazi la zimwi nene la kijani, lenye meno ya sponji na tabasamu lisilofutika, lile ambalo watoto walilijua kutoka kwenye katuni ya jioni. Mashabiki wa katuni walikuwa wamefurika ukumbini kwa tamasha lao, wakubwa kwa wadogo, wengine na majoho na mapanga ya plastiki, wakapanga foleni kulikumbatia na kupiga nalo picha. Kichwa chake kilikuwa kizito kama mtungi uliojaa maji. Kifeni cha ndani kilikuwa kimeharibika. Mama Kijino aliona kupitia wavu wa mdomo wa zimwi, akapumulia humo humo, na jasho lilimtiririka mgongoni mpaka kwenye soksi.

Masharti yalikuwa mawili: asivue kichwa mbele za watu, na asitoe neno. "Zimwi halina sauti ya mama wa watu," msimamizi alimwambia.

Mtoto wake, Kijino, hakuwemo katika mpango. Mama mdogo wake, anayebaki naye siku za kazi, alikuwa ameamka na homa. Mama Kijino akaja na mtoto, akamkalisha nyuma ya pazia na biskuti na kalamu za rangi.

"Mimi nitakuwa ndani ya zimwi," alimwambia. "Usimwambie mtu, mwanangu."

Lakini siri kwa mtoto wa miaka sita ni maji kwenye pakacha. Adhuhuri haijafika, Kijino alikwisha kutoka pembeni mwa pazia, pengo lake la meno wazi kwa fahari.

"Huyo ni mama yangu," alimwambia mvulana mwenye joho jekundu aliyekuwa kwenye foleni.

"Nani?"

"Zimwi. Mama yumo ndani."

"Muongo wewe. Zimwi ni zimwi."

"Basi muulize."

Foleni ikatega masikio. Kitoto kimoja kikaanza kulia, kikimuuliza baba yake kama kweli zimwi ni mama wa mtu. Msimamizi akatupa jicho kutoka mlangoni. Kijino akasogea, akashika vidole vya manyoya.

"Mama, waambie."

Kazi hii Mama Kijino aliipata kwa kubembeleza, na nyingine haikuwepo mbele yake. Akakitikisa kile kichwa kikubwa, kushoto, kulia.

Watoto wakaangua kicheko. Kijino hakulia. Aliachia vidole, akarudi nyuma ya pazia.

Wakati wa mapumziko mama alivua kichwa, nywele zimemganda kwenye paji la uso, akajitupa juu ya kreti la soda.

"Kijino, mama."

"Umekataa."

"Nimekataa. Ningekubali, wangeturudisha nyumbani."

"Si vizuri? Turudi."

Mama alikunywa maji kwanza. "Nyumbani napo panataka kuendeshwa," alisema mwishowe, na akajisikia anaongea kama msimamizi. Mtoto aliinamia karatasi yake, akaendelea kupaka rangi.

Alasiri foleni ilikuwa bado ndefu. Mama Kijino alikumbatia, akapunga mkono, akakumbatia tena, mpaka sura zikawa hazitofautiani. Kisha, kupitia wavu, akamwona mwanawe nyuma ya watu, mikono imetulia, akisubiri zamu kama mtoto wa yeyote. Zamu ilipofika, alisimama wima.

"Shikamoo, zimwi."

Mama alifungua mdomo ndani ya lile giza la sponji. Marahaba ilimfika kwenye ncha ya ulimi, ikakwama hapo. Akainama, kiuno kikamuuma, akamkumbatia. Kijino alikumbatiwa kama mtoto anavyokumbatiwa na mgeni, mikono imenyooka ubavuni. Halafu akaigeukia kamera, akatabasamu alivyoambiwa.

"Haya, anayefuata," akasema mpiga picha.

Jioni walitokea mlango wa wafanyakazi. Mama alibeba mfuko wa nguo zilizolowa jasho. Mtoto alitangulia kidogo. Kwenye kona akasimama.

"Kesho tena?"

"Kesho tena."

"Basi mimi nitabaki na mama mdogo. Hata kama anaumwa. Sitamsumbua."

Mama alihamishia mfuko mkono wa pili. "Sawa," alisema.

Kijino akainua mikono abebwe. Mama akamweka begani, palepale zimwi lilipomchubua, wakaenda mdogo mdogo kufuata ukuta.