Mkunga Aliyekatazwa Kumpokea Mjukuu

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya tano ya jengo moja mtaa wa Evere, Brussels, Antoinette anamsugua Bi Effie mgongo kwa kitambaa cha maji vuguvugu. Kila akikikamua, jicho linakimbilia simu iliyo kando ya sinki. Simu kimya.

Bintiye, Gracieuse, yuko hospitalini Laeken, anajifungua. Mimba ya kwanza iliharibika, na hofu ya siku ile haijawatoka. Antoinette, aliyekuwa mkunga kwao Bukavu, Kongo, kwa miaka kumi na tisa, amekatazwa kukanyaga huko.

"Aliniambia, maman, ukikuja utaanza kuamuru ba sage-femme, bakunga ba pale," anamwambia Bi Effie, akicheka bila raha. "Bon, ni kweli. Mikono yangu ingeniwasha."

Basi amekuja kazini, kumwogesha mtu mwingine.

Bi Effie, mstaafu wa Kiskoti aliyezeekea Brussels, ana neno lake la kila siku: canny. Majirani wanadhani maana yake ni ubahili, kwa vile yeye huzima taa mgeni akiwa bado chooni. Mwenyewe hakubali. Zamani, anasema, neno hilo lilibeba mengi: busara, uangalifu, mikono ya upole, hata bahati njema. Wazee wao walimwita mkunga "mwanamke canny", na saa ya kujifungua waliiita "saa ya canny".

"Kwa hiyo ni wewe," anamwambia Antoinette kwa Kifaransa. "Lakini tulia. Kujua wakati wa kuondoa mkono nako ni canny."

"Natulia, maman Effie. Ni roho njo inakataa."

Simu inalia. Antoinette anaipokea kwa mikono yenye povu. Kinatangulia kilio chembamba, cha hasira, kisha sauti ya Gracieuse iliyochoka.

"Ni mutoto mwanamuke. Tuko bazima shiye bote bawili."

Antoinette anaketi kwenye ukingo wa bafu na kulia waziwazi. Miezi yote hii alikuwa amebana pumzi bila kumwambia mtu. Bi Effie, taulo mabegani, anampapasa kichwa.

"Nenda," anasema. "Mgongo wangu umeshatakata."

Mwakani Antoinette anataka kuanza upya masomo ya ukunga, hapahapa Brussels. Lakini leo ana mpango mmoja tu, aliopewa na binti yake kabla simu haijakatika.

"Maman, kuja. Kumuzalisha nilikukataza. Kumuogesha, nilikuwekea weye."