Wimbo Tuliourekodi na Kaka Yangu

Kabla treni za metro hazijaanza Doha, nilikuwa muuguzi katika kliniki moja, na kaka yangu alikuwa mlinzi kwenye jengo la maofisi. Yeye aliishi kwenye kambi ya wafanyakazi na wenzake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la fundi wa kushona abaya, yale mabaibui ya huko, na siku yake ya kupumzika alikuja kwangu kula ugali.

Pale kliniki nilifanya kazi na muuguzi mmoja kutoka Ayalandi. Ndugu yake wa kiume alifundisha muziki mjini humo humo. Wawili hao walikuwa wamerekodi nyimbo za kwao, upande wa magharibi wa nchi yao, mwenzangu akiimba na kupiga filimbi, nduguye akipiga fidla, sebuleni mwao, magodoro yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Alinipa sidii. Niliisikiliza nikipiga pasi sare zangu na nikawaonea wivu, maana walisikika kama watu wanaojua walikotoka.

"Na nyinyi kwenu mna nyimbo za zamani?" akaniuliza.

"Tunazo," nikasema. "Kaka yangu hupiga litungu."

Hilo lilikuwa kweli. Litungu ni chombo cha nyuzi cha kwetu, mteremkoni mwa Mlima Elgon, na kaka yangu alikuwa ameletewa lake na mwenzake aliyetoka likizo. Ambalo sikulisema ni kwamba sisi tulikulia mjini Nakuru, mbali na huko. Lugha ya kwetu tunaijua kama watoto: salamu, chakula, na maneno ya kukemewa. Nyimbo tulizipata kwa bibi, mama yake baba, aliyekuwa akija kukaa nasi miezi kadhaa na kuimba huku akichambua maharagwe. Tulizidaka sauti zake bila kuuliza maana.

Ijumaa moja mchana tulienda kurekodi kwa wale Waayalandi. Wimbo tuliouchagua una sauti mbili, ya mwanamume anayeita na ya mwanamke anayeitika. Bibi alikuwa akiziimba zote mwenyewe. Sisi tukagawana. Kaka yangu alipiga litungu na kuita, mimi nikaitika, na mwisho kuna mahali ambapo mwanamke anavuta sauti peke yake. Pale nilijitahidi sana. Yule ndugu yake mwalimu alivaa visikilizio vyake masikioni, akafumba macho.

"Unahusu nini?" akauliza tulipomaliza.

Nilimtazama kaka yangu. "Mavuno," akasema. Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Jioni hiyo niliutuma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Nilitegemea pongezi. Niliona kwamba watu wameusikiliza, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeandika kitu. Siku ya pili kimya. Kisha shangazi yangu akanipigia simu.

"Mwanangu, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, shangazi."

"Kaka yako hayuko hapo?"

"Yuko kazini."

"Huo wimbo nani aliwafundisha?"

"Bibi."

"Mama alikuwa akiuimba peke yake kwa kumkumbuka babu yenu. Huo ni wimbo wa mume na mke, mwanangu. Wa usiku wao wa kwanza. Mwanamume anauliza mlango uko wapi, na wewe unamwonyesha."

Nilikaa kitandani.

"Na pale mwisho unapovuta sauti," akasema, "maneno yale siwezi kukuambia kwenye simu. Nitakuambia ukija."

"Nani ameusikia?"

"Nani hajausikia? Baba yako mdogo aliufungulia dukani, wateja wamejaa. Wazee wakatoka mmoja mmoja."

Sikujua nitamwambiaje kaka yangu. Kwetu kuna mambo ndugu wa kike na wa kiume hawayatamki wakiwa pamoja, na hata sisi wa Nakuru hilo tulilelewa nalo. Mwishowe nilimwandikia: shangazi anasema tuufute wimbo, si wa ndugu kuimba pamoja. Ijumaa hiyo hakuja kula. Iliyofuata alikuja, akala macho yakiwa kwenye sahani.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Sawa," akasema, akanawa mikono na kuondoka mapema.

Nilidhani yameisha. Lakini siku moja yule muuguzi mwenzangu alinipa lifti kwenda kanisani Abu Hamour. Tulipofika kwenye maegesho, madirisha yakiwa wazi, akabonyeza kitu kwenye redio ya gari na litungu likaanza. Alikuwa ametuwekea wimbo wetu kwenye sidii, na alikuwa akitabasamu, akingoja nifurahi. Kabla sijapata mahali pa kuizima redio, mzee mmoja dereva, mtu wa kwetu kabisa, akasimama kando ya dirisha. Alisikiliza akicheka chini chini.

"Hao ni wewe na mumeo?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Mdomo ukatangulia akili. "Ni kaka yangu."

Kicheko kikamfutika usoni. Akatazama viatu vyake. "Pole, dada," akasema, kama anayesema na mfiwa, akaenda zake.

Wakati huo sauti yangu ilikuwa imefika kule mwisho, inavutwa, nzuri kweli. Nilitamani ardhi inifunike. Mwenzangu alizima redio na kuniuliza kuna nini, nikamweleza. Hakucheka.

"Kwenye ile sidii yetu mwanzoni naimba wimbo wa lugha ya zamani ya kwetu," akasema. "Sielewi hata neno moja. Niliupata kwa bibi kama ulivyopata wewe. Sijawahi kumuuliza mtu."

Akaitoa sidii na kunipa mkononi. Nilimshukuru. Lakini yeye hakuwa na shangazi wa kumpigia simu.

Nilipoenda likizo, shangazi alinikalisha jikoni akanifundisha wimbo huo neno kwa neno, huku akicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Mimi sikuweza kucheka. Yale maneno ya mwisho nayajua sasa, na siwezi kuyaandika hapa.

Kaka yangu sijamweleza maana yake hata siku moja, wala hajauliza. Sijui kama mtu mwingine alimwambia. Bado anapiga litungu, siku hizi kwaya ya kanisa ndiyo humwalika. Lakini nikiingia mahali na kumkuta anapiga, huweka kiganja juu ya nyuzi zikanyamaza, kisha huniuliza kama nimekula.