Siku Beili Iliponikalia Mgongoni

Mnaoniita Mchukuzi, leo nawaambia jina lilikotoka, maana aibu yenyewe imeshanizoea.

Zamani za Mwingereza nilikuwa mkalimani wa mahakama, na siku hiyo hakimu Mzungu alishuka Mbamba Bay, kwetu ziwani, kusikiliza kesi ya Kandidus, mvuvi mmoja jitu la miraba minne (samaki mbasa mzima anammaliza peke yake), aliyempiga mwenzake ngumi wakigombea wavu. Mdhamini wake alikuwa kaka yake, Mzee Ambrosi wa Kihagara, baba wa Theodora niliyekuwa nimemposa, na jibu nilikuwa bado nalisubiri. Basi nilitaka kung'ara.

Hakimu akasema mshtakiwa apewe beili. Neno dhamana lipo, kila mtu analijua, ila mimi nilipita seminari (nilitokaje huko, tuyaache), nikajikohoza nikaanza: "Mzee, neno hili Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, bayulare, yaani kubeba mzigo mgongoni. Mdhamini ndiye mchukuzi."

Mzee akampima mdogo wake kwa macho, juu mpaka chini. "Nimbebe mpaka lini?"

"Mpaka siku ya hukumu," nikajibu kwa madaha (nilikuwa naisikiliza sauti yangu tu).

Mzee akavua koti, akachuchumaa, akamwambia Kandidus apande, na Kandidus, ambaye hakutaka tena ugomvi na serikali, akapanda. Wakaanguka wote wawili juu ya meza ya hakimu, wino ukamrukia hakimu kwenye shati lake jeupe.

"Mwanangu," mzee akaniambia akiwa bado chini, "kiuno changu kibovu. Beba wewe unayelijua neno."

Nikamgeukia hakimu anitetee. Akajifuta wino, akasema kwa Kiswahili safi (kumbe alikuwa akielewa yote): "Kilatini chako ni sahihi kabisa, mkalimani. Mbebe."

Nikambeba Kandidus mpaka ufukweni, nikipita katikati ya wanawake wanaoanika dagaa wa usipa, na Theodora mmojawao, amejifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilitamani ziwa linimeze.

Jioni nikaenda kuomba radhi, nimepinda kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgongo nimeuona, unafaa," akasema. "Kichwa, Theodora atavumilia."

Amevumilia mpaka leo, na mimi dhamana naiita dhamana.