Sauti Niliyoibeba hadi Wamaza

Juzi nilipita soko la Kasongo, pale wanawake wanapochora vibuyu kwa chuma cha moto, na ile harufu ikanishika puani, nikasimama katikati ya njia kama mutu aliyeitwa jina. Kibuyu kikiungua kinanuka karanga na nywele kwa pamoja. Vijana wangu walidhani nimeona mwizi. Ninazo kamyo tatu za mizigo, nazitaja ili ujue anayekueleza haya si mutu wa kulialia. Shule niliiacha darasa la pili, na leo makarani waliosoma wananitangulia kwa salamu. Lakini ile harufu hainiulizi nina kamyo ngapi.

Baba yangu alikuwa mpiga zeze. Zeze la kwetu ni ubao mwembamba uliofungwa juu ya kibuyu, una nyuzi, na kwenye ncha yake umechongwa meno. Vidole vinakanyaga nyuzi juu ya meno hayo, na kibuyu unakiegemeza kifuani. Wakati ule wa Wabelgiji walimpeleka kwenye machimbo ya bati, akakaa huko miaka. Aliporudi, mchwa walikuwa wamekula zeze lake, na vumbi lilikuwa limekula kifua chake. Alijilaza kwenye mkeka na hakuomba dawa. Aliomba zeze lingine, aimbe nalo hata mara moja.

Fundi alikuwa mmoja, Mzee Kalonda, Mubangubangu kwa kabila, wa kule Wamaza. Hakuwa na zeze la kuuza papo hapo. Uliagiza, ukangoja, na meno hayakukatwa mpaka fundi asikie koo la mwenyewe, maana meno ndiyo yanayoamua zeze liimbe juu au chini, na kila koo lina meno yake, na muti ukishakatwa haurudi. Mgonjwa aliruhusiwa kumtuma mtoto ambebee sauti. Anamfundisha wimbo kwa kina chake yeye, mtoto anaupeleka kama anavyopeleka maji kichwani, bila kumwaga.

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na sikujua kuogopa.

Mjomba Saidi alikuwa akipeleka samaki wakavu wa Nyangwe huko Wamaza kwa baiskeli, nami nilipanda nyuma, juu ya mzigo, nikinuka samaki siku nzima. Safari ya kwanza kibuyu chetu kilikuwa bado kibichi, kinaning'inia kwenye ua. Safari ya pili kilikuwa kimekauka na kuchomwa ndani, lakini ubao haujaguswa. Mzee Kalonda alikuwa ameinama shambani, gunia mgongoni, maana msimamizi wa pamba alikuwa amempimia mistari, na asiyeimaliza alijua fimbo inamngoja.

"Mutoto wa Kasongo," akaniambia bila kuinuka, "pamba ya Muzungu haingoji. Zeze inangoja."

"Na baba yangu, Mzee? Yeye anangoja?"

Akaendelea kuchuma.

Tuliporudi, baba alisikia kengele ya baiskeli akageuza kichwa mlangoni. Akaitazama mikono yangu mitupu, akakirudisha kichwa chake taratibu. Nyumbani tulikuwa tumeanza kuongea kwa sauti ndogo, kama watu wanaojua jibu.

Hata hivyo baba alinifundisha. Aliniwekea vidole kooni. "Shusha. Shusha tena. Unaimba kama jogoo." Kila mstari ulimgharimu kikohozi.

"Baba Musa, pumzika," mama akasema. "Unamaliza pumzi."

"Nazo namuwekea nani?"

Safari ya tatu ubao ulikuwa tayari, mweupe, laini, yamebaki meno tu. Siku hiyo watu walikuwa wamekaa kwa Mzee Kalonda na magunia yao, wanangoja pamba ipimwe. "Huyu njo muungwana mudogo?" akauliza mmoja, njo ya kwetu ikiwa ndiyo yenu, na muungwana ni Mwislamu wa Kasongo. "Aimbe tusikie!"

Nikaanza chini, kama nilivyofundishwa. Mama mmoja akapasuka kwa kicheko. "Yesu wangu! Katoto kananguruma kama chura!"

Wakacheka wote. Msomaji wangu, mimi sijawahi kuvumilia kuchekwa, hata leo. Nikapandisha. Nikaupandisha wimbo wa baba mpaka juu kabisa, mahali ambapo sauti yangu iling'aa, na wale watu wakapiga makofi. Yule mama mwenyewe akasema, "Ee, sasa njo kuimba."

Mzee Kalonda alikuwa ameshika kisu. "Mutoto, hii njo sauti ya baba yako?"

"Njo yenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, Mzee."

Akakata.

Nyumbani baba alikalishwa, mgongo ukutani. Alipoegemeza kibuyu kifuani, kibuyu kilianza kukoroma kabla hajagusa uzi, kwa kuwa kilikuwa kimeokota pumzi yake. Akapiga, akafungua mdomo, na sauti yake ikapita chini ya nyuzi, mbali, bila kukutana nazo. Akajaribu kupanda. Kikohozi kikamshika, mama akamshika.

"Baba, iko muzuri?"

Alinitazama sana. "Iko muzuri sana. Piga wewe."

Mimi nikafurahi! Kila alasiri nilikaa mlangoni nikapiga, majirani wakaja na mikeka yao, wakasema mwana amempita baba. Yeye alilala ameelekea ukuta. Nilidhani anasikiliza. Mwezi wa mfungo ulipoisha tulimzika, na mimi, nakwambia ukweli, kati ya kilio chote bado nilijiona fundi.

Miaka minne ilipita. Asubuhi moja, sauti yangu ikiwa imevunjika na kutulia, nilikaa mahali pale pale pa mlangoni, nikaegemeza kibuyu kifuani, nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya baba yangu, nzito, nzima, kama alivyonitia kwa vidole vyake. Nikatafuta meno ya kuipokea kati ya yale niliyomkatisha Mzee Kalonda. Hayakuwepo.