Kijiko Kilichosimama Kwenye Wali

Zakia amenisumbua wiki tatu na hili daftari lake. Zakia ni yule binti anayeuza muvi hapa Kambarage, Shinyanga, anawajazia watu kwenye flashi, na sasa amezua jambo la wateja kuandika maoni yao juu ya sizoni za Kikorea. Yeye anayapiga picha na kuyatuma kwenye kundi lao la simu. Nimemwambia mimi niliishia darasa la pili, kuandika nimekuja kujulia kisomo cha ngumbaru nikiwa mama wa watoto, na mpaka leo herufi zangu zinalala kama mtama uliopigwa na mvua. Akasema, "Bibi Mbuke, hapa mjini hakuna aliyeangalia nyingi kama wewe. Andika hata ukurasa." Haya. Asiyependa kusoma kitu kirefu aache hapa hapa, simlilii.

Runinga ililetwa na mwanangu Maduhu, mwaka aliooa. Alikuwa anachimba dhahabu kule Geita. Aliibeba begani kutoka stendi kwa sababu hakumwamini mtu wa bodaboda, akaiweka mezani, akamwambia mkewe Vumilia, "Kaa na mayu, muangalie sizoni. Nikirudi nitawakuta mmeshakuwa Wakorea." Mayu ni mama, kwa sisi Wasukuma. Ndoa yao ilikuwa na miezi mitano. Akarudi Geita, na huko ndiko alikobaki.

Shimo lao wanaliita duara. Lilititia wakati wa mvua za Machi. Nilikwenda na Jilala, mdogo wa marehemu mume wangu, tukauliza Maduhu yuko wapi, na hakuna aliyemjua Maduhu. Kule kila mtu ana jina la kazi. Msimamizi wa duara alitoa karatasi mfukoni akatusomea waliokuwa ndani: Tiicha, Mzee wa Mbeya, Chapati, na Kimya.

Nikamwambia wangu hayumo. Maduhu hajafundisha shule, Mbeya hakuijua, na chapati zilikuwa zinamuumiza tumbo. Na Kimya hawezi kuwa yeye. Mtoto yule aliongea tangu tumboni. Kanisani nilikuwa namfinya paja ili padri asikike. Kijana mmoja mchimbaji akasema huyo Kimya alikuwa mrefu, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Maduhu alipigwa pembe na ndama hapo hapo penye nyusi, akiwa na miaka saba. Nikamjibu yule kijana kwamba makovu duniani ni mengi. Walitoa miili miwili, hakuna wa mwanangu, halafu udongo ukashuka mara ya pili wakaona bora wafukie.

Tukarudi Shinyanga, nikakataza matanga.

Miaka sita nilikataza. Jilala alikuja na wazee wa ukoo, akasema, "Shemeji, tuzike hata nguo zake, watu wapumue." Nikamwambia nguo hazizikwi, zinafuliwa, na kweli nilikuwa nazifua kila mwisho wa mwezi na kuzikunja. Vumilia hakuwa mjane na hakuwa mke. Alikuja kwangu ana miaka ishirini na tano, akaanza kuota mvi moja moja juu ya sikio, na bado kila asubuhi anapiga goti, "Shikamoo mayu," nami naitikia.

Kuna mwanamume wa Kagongwa anaitwa Donatus, ana mashine ya kukoboa mpunga. Alikuja kwa heshima kabisa, akavua kofia. Nikamwambia huyu ana mume, mume wake yuko safarini. Akasema, "Nimesikia, mama," akaacha gunia la mchele mlangoni akaondoka. Mwaka uliofuata akaja tena, akavua kofia tena, nikamjibu vile vile, akaacha gunia lingine. Vumilia ndiye aliyeingiza magunia ndani. Nami nilijiambia anakaa kwa sababu nimemkatalia mimi.

Sasa nije kwenye maoni. Kila saa tisa alasiri tulikuwa tunakaa, mimi kwenye kiti, Vumilia kwenye mkeka anachambua mchicha. Ninachosema juu ya Wakorea ni hiki. Wanakula vizuri na wanalia wakiwa na chakula mdomoni, jambo ambalo mimi siwezi. Wakitaka kuachana lazima mvua inyeshe, hata kama asubuhi kulikuwa na jua. Mama mkwe wao ni mkali, akikasirika anammwagia mkwewe maji ya glasi usoni, mbele za watu. Vumilia alikuwa ananitania: "Mayu, huyu si wewe?" Namwambia, "Mimi maji sipotezi, nayanunua kwa ndoo." Anacheka mpaka mchicha unamwagika. Yule mtafsiri anayetusemea Kiswahili juu ya maneno yao naye ni muongo. Mkorea amefungua mdomo mara moja, yeye anasema sentensi tatu, halafu anatuambia tajiri wa Kikorea ameshuka stendi ya Kahama.

Kwa kuwa simwamini mtafsiri, nilijifunza kuangalia kwa macho yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua habari ya kijiko. Mkorea aliye hai analaza kijiko pembeni ya bakuli. Ukiona kijiko kimesimikwa katikati ya wali, kimesimama wima, wali huo ni wa marehemu. Wanaweka picha yake, matunda, samaki, wanainama mpaka paji la uso linagusa chini. Niliona hivyo kwenye sizoni ya kwanza, nikaona kwenye ya nne na ya tisa. Sikumwambia mtu. Niliiweka moyoni.

Mwaka jana Zakia akatupa sizoni ya mama mmoja ambaye mwanawe alipanda meli ya mizigo na meli ikapotea. Mama yule halikomei geti lake, kila jioni anaacha taa ya nje inawaka. Nilimpenda kuliko wote. Tulipofika sehemu ya kumi nikamwambia Vumilia, "Huyu akirudi, na wetu anarudi."

"Mayu, hiyo ni muvi."

"Najua ni muvi. Nimeshasema."

Akachambua mchicha kidogo. Halafu akauliza taratibu, "Na asiporudi?"

"Asiporudi tutaongea na Jilala."

Hakuinua uso. Lakini mikono yake ilisimama, na mimi niliiona.

Sehemu mbili za mwisho zilikuja hazijatafsiriwa. Zakia alisema mtafsiri anaumwa koo, tusubiri. Sikutaka kusubiri. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, na Vumilia amefika kidato cha nne, nikamwambia asome aniambie.

Ilikuwa Jumapili. Tuliangalia ya kwanza ya hizo mbili, akanisomea vizuri tu. Kwenye ya pili, yule mama akafungua kabati, akatoa bakuli la shaba, akapakua wali. Akapanga samaki na matunda. Akaweka picha ya kijana wake.

"Anasema nini?" nikauliza.

Vumilia alisoma. Yalipita maandishi ya kwanza, yakapita ya pili, ndipo akasema, "Anasema mwanawe amepiga simu. Anafika kesho. Ndiyo anampikia."

Mama akachukua kijiko, akakisimika katikati ya wali.

"Na hao wanaoinama?"

"Wanamshukuru Mungu, mayu."

"Na picha?"

"Wameitoa tu. Kwa furaha." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Wakorea hawa wananiliza bure."

"Basi amerudi," nikasema.

"Amerudi, mayu."

Akatoka nje kuanua nguo. Mimi nilibaki kwenye kiti. Mlango wake wa kutoka kwangu ulikuwa umefunguliwa pale mezani, kazi yake ilikuwa kusoma kilichoandikwa tu, basi. Akaufunga kwa mdomo wake mwenyewe ili mimi nilale usingizi. Nilikuwa nimejisifu miaka sita kwamba nalilinda boma la mwanangu, kumbe aliyekuwa ananilinda mimi ni yeye.

Niliinuka, magoti yakilia, nikaingia jikoni. Kulikuwa na wali wa mchana, wa mchele wa Donatus. Nikaupasha, nikaupakua kwenye sahani ya bluu ya Maduhu ambayo hakuna aliyekuwa anailia. Nikauweka mezani mbele ya runinga. Nikachukua kijiko. Kilianguka mara mbili kwa sababu wali wetu hauna ulimbo kama wao, nikaukandamiza kwa mkono mpaka kikasimama.

Vumilia akaingia na nguo kifuani. Mashati ya Maduhu yalikuwa humo. Akaiona sahani akasimama.

"Mayu. Nani amekufundisha hivyo?"

"Hao hao. Miaka sita, ulidhani naangalia nywele zao?"

Nguo zikamdondoka. Alikaa chini sakafuni akalia kilio ambacho nilikuwa nimemnyima tangu Machi ile. Mimi nilisimama nikishika meza. Nilimwambia, "Mpigie Jilala. Aje na wembe, tunyoe."

Tulizika mashati kijijini, na sahani. Donatus alikuja matangani, akakaa na wanaume, akachota maji, hakunisogelea. Kwenye msalaba Jilala alitaka waandike Maduhu peke yake. Nikasema chini yake waandike Kimya, ili aliyemjua kule naye akipita amtambue. Hilo jina nimelikubali ila sijalizoea. Sijui ni kitu gani kilimnyamazisha mtoto wangu kule chini, na wa kumuuliza hayupo.

Baada ya mavuno Vumilia alikwenda Kagongwa. Nilimtoa mwenyewe, ameolewa kwa idhini yangu. Anakuja Jumapili, si zote. Mchicha nachambua mwenyewe.

Mtafsiri alipona koo, Zakia akaniletea zile sehemu. Penye wali anamfanya mama aseme, "Kula mwanangu. Kesho sitapakua tena." Kama ndivyo alivyosema yule mama au ni uongo wa mtafsiri, sijui. Vumilia ndiye anayejua, nami sijamuuliza.

Maoni yangu ni kwamba sizoni ni nzuri, ila yule mama amelia kidogo mno.

Nimeandika, mkono unaniuma, sasa nawe nilipe. Kama una mtu wako machimboni, mpigie leo kabla hujafungua sizoni nyingine. Muulize wenzake wanamwitaje kule chini. Akicheka, mwache acheke, lakini akutajie. Liandike ukutani kwa mkaa, herufi kubwa, karibu na jina ulilompa wewe. Ukimaliza, lipige picha umtumie Zakia, aje anisomee.