Asidi na Sianidi Hazipandi Gari Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa depo alinipokea mlangoni na funguo mkononi, akanitazama toka kichwani hadi viatuni. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Bunia, na hakuwa amewahi kuona mwanamke akija kukagua madawa ya viwanda.

"Citoyenne, ulisoma chimie?" akauliza, kwa lile neno la "raia" tulilolazimishwa kuitana enzi hizo.

"Ndiyo, chef, nilisoma kemia."

"Basi ingia. Lakini hapa kila client iko na fasi yake. Usiniharibishie."

Kweli, mali ilipangwa kwa jina la mnunuzi, si kwa tabia ya mali yenyewe. Vitu vya mgodi wa dhahabu vilikaa pamoja ili lori lipakiwe haraka: mapipa ya sianidi, ile chumvi nyeupe inayotoa dhahabu ndani ya mawe yaliyosagwa, na ubavuni pake chupa kubwa za asidi. Asidi ikiifikia sianidi, hutoka hewa inayoua mtu kabla hajamaliza kuuliza hiyo ni harufu gani. Kazi yangu ilikuwa kujua nini hakipatani na nini, kisha kuvitenganisha.

Wabebaji hawakutaka majina yangu ya Kifaransa. Nikawaambia: asidi ni mkwe, sianidi ni mama mkwe. Kwetu, mkwe akimwona mama mkwe wake njiani hujificha kichakani. Hawali pamoja wala hawaketi pamoja. Walicheka, wakashika. Tulijenga ukuta katikati, na tangu hapo nikawa nasikia wakikaripiana: "Weye! Unaleta mukwe mbele ya mama-mukwe? Huna haya?"

Miaka ya themanini alikuja mkuu mwingine, mtu wa haraka. Barabara zilikuwa zimekufa, na lori likipatikana ni neema. Asubuhi moja mgodi wa upande wa Djugu ulidai dawa zake, na gari lilikuwa moja tu. Akaamuru vyote vipakiwe. Mapipa yalikuwa yameshapanda, na juu yake abiria wameshakaa, akina mama na kuku wao, kama tulivyozoea kusafiri.

"Chef, hii haiwezi kwenda hivi," nikamwambia. "Asidi ibaki, na watu washuke."

"Unataka mgodi usimame? Dereva iko muzuri, ataenda polepole."

"Chupa moja ikipasuka mu mashimo, wale wote watakufa."

"Kama haiende leo, weye kesho usirudie hapa."

Nilikuwa mjane, na watoto wangu walikuwa shuleni. Niliogopa, siwadanganyi. Nikapanda, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikagoma kushuka. Wabebaji nao wakaweka chupa chini. "Mukwe hawezi kupanda, chef," akasema mmoja wao. Mkuu akalazimika kukubali. Abiria walishuka wakinitukana, nikampisha dereva, lori likaondoka na sianidi peke yake, likafika salama.

Likafika salama! Hilo ndilo lililoniponza. "Unaona?" mkuu alinicheka. "Hakuna kitu kilitokea. Hata asidi ingefika." Nikahamishiwa Mahagi kulinda magunia ya saruji hadi nilipostaafu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, lakini hawakusema kwamba hatari isipokuja, mwenye tahadhari ataonekana mwoga. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mjue hivyo: ukiifanya vizuri, hakuna cha kuonyesha. Miaka mingi jambo hilo liliniuma.

Juzi, sokoni Nyakasanza, mama mmoja muuza mboga za lengalenga alinikazia macho.

"Ni weye ulitushusha mu lori! Nilikuwa naenda kuzika mama yangu. Sikumuzika, juu yako!"

Wajukuu wake wakakusanyika kututazama. Alinigombeza hadi jasho likamtoka. Nilimpa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni. Kisha nikabaki nimesimama mbele ya meza yake, maana sauti yake bado ilikuwa na nguvu, na sikutaka inyamaze.